Nani Aliyepita Kati ya Vipande? Mhadhara juu ya Maagano ya Mungu na Wanadamu

Ndugu wapendwa, somo la maagano ni pana, na mtu akitaka kulipitia lote kutoka Mwanzo hadi Ufunuo ataishia kuorodhesha majina tu. Mimi nitakaa zaidi katika tukio moja, lile linalosimuliwa katika sura ya 15 ya kitabu cha Mwanzo, kwa sababu naamini kwamba asiyeelewa kilichotendeka pale hawezi kuelewa vizuri maagano mengine yote.

Tuanze na neno lenyewe. Kiebrania huliita agano *berith*, na kwa Waebrania agano lilikuwa kitu cha kukatwa: walisema fulani amekata agano na fulani. Tafsiri zetu husema "kufanya agano", na si kosa, ila msikilizaji hukosa kusikia sauti ya kisu.

Abramu, ambaye wakati huo bado hajaitwa Abrahamu, ameahidiwa uzao na nchi, naye anauliza atajuaje kwamba nchi hiyo atairithi. Hajibiwi kwa hoja. Anaagizwa alete ndama jike, mbuzi jike na kondoo mume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana wa njiwa. Anawapasua wale wanyama watatu vipande viwili viwili, anavipanga kila kipande kikielekea mwenzake, lakini ndege hawapasui. Ndege wengine, wale wala nyama, wanatua juu ya mizoga, naye anawafukuza. Nakiri kwamba napenda sana mstari huo mfupi: mwandishi hakuona haya kutuonesha mzee akihangaika kukinga nyama katikati ya jambo takatifu.

Maana ya vipande hivyo tunaisoma wazi katika Yeremia 34. Wakuu wa Yuda walikuwa wamepita kati ya vipande vya ndama, wakiagana kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania, kisha wakageuka na kuwatwaa tena. Nabii anawaambia kwamba watatiwa mikononi mwa adui zao, na mizoga yao itakuwa chakula cha ndege na wanyama. Aliyepita kati ya vipande alikuwa akijiapiza: nikilivunja agano hili, yanipate yaliyompata mnyama huyu.

Sasa rudini kwa Abramu. Jua linapokuchwa yeye yumo katika usingizi mzito, na giza limeshaingia, ndipo tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vinapita kati ya vile vipande. Wafasiri wengi wa Kikristo wanauona hapo uwepo wa Mungu mwenyewe, kama alivyoshuka Sinai kwa moshi na moto. Abramu hakupita. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba aliamshwa akaambiwa, "Na wewe sasa, pita."

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukilinganisha na desturi za wafalme wa kale. Katika mabamba ya udongo ya Wahiti, taifa la kale lenye nguvu, yaliyochimbuliwa Boğazköy, nchini Uturuki, imo mikataba ambayo mfalme mkuu anamfunga mfalme mdogo: anataja jina lake, anakumbusha wema aliomtendea, anaweka masharti, anaita mashahidi, kisha anatamka baraka na laana. Mwaka 1954 mtaalamu George Mendenhall alionesha jinsi agano la Sinai linavyofanana na mikataba hiyo. Katika mikataba ya namna hiyo anayefungwa kwa kiapo ni yule mdogo. Katika Mwanzo 15 aliyejifunga ni mkubwa.

Agano na Nuhu nalo ni la upande mmoja, na ahadi kwa Daudi katika 2 Samweli 7 iko karibu nalo, kwa hiyo sitakaa huko. Sinai ndiko mambo yanakobadilika. Katika Kutoka 24 Musa ananyunyiza nusu ya damu juu ya madhabahu, anawasomea watu kitabu cha agano, nao wanajibu kwamba yote aliyoyanena Bwana watayatenda. Ndipo nusu iliyobaki inanyunyizwa juu yao. Musa anapanda mlimani siku 40, na kabla hajashuka ndama ya dhahabu imekwisha kusimamishwa.

Mtu atauliza: je, Abrahamu hakudaiwa chochote? Alidaiwa. Mwanzo 17 inaagiza tohara, na asiyetahiriwa anahesabiwa kuwa amelivunja agano. Lakini dai hilo linakuja baada ya ule usiku, na Paulo anashika mpangilio wa namna hiyo hiyo katika Wagalatia 3 anaposema kwamba torati, iliyokuja miaka 430 baadaye, haiwezi kulitangua agano lililokwisha kuthibitishwa na Mungu. Wanaofuata Ungamo la Westminster, tamko la imani la Waprotestanti la miaka ya 1640, hugawa habari hii yote kuwa agano la matendo, ambalo Adamu alidaiwa utii, na agano la neema, ambalo wenye dhambi wanapewa wokovu kwa imani katika Kristo. Mgawanyo huo una faida yake, ingawa tukumbuke kwamba katika Mwanzo neno "agano" halijitokezi mpaka tumfikie Nuhu, katika sura ya 6.

Yeremia 31 inaahidi agano jipya, lisilofanana na lile walilolivunja baba zao, kwa kuwa sheria itaandikwa mioyoni. Luka 22 inatupeleka mezani, ambapo Yesu anasema, "Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu." Angalieni kinachokosekana. Sinai watu waliapa kwanza, kisha damu ikanyunyizwa. Mezani hakuna mwanafunzi anayeombwa kuapa. Anayejitolea mwenyewe ni Petro, akisema yuko tayari kwenda na Bwana gerezani na hata kifoni, naye anajibiwa kwamba jogoo hatawika kabla hajamkana mara tatu. Wakati anaambiwa hayo, kikombe amekwisha kukinywa.