Kishikwambi Kitoke Kabatini

Shikamoni wakubwa zangu. Wengine, habari za asubuhi. Walimu, mlionisikia Mafinga mnajua ninakoelekea: kufundishia kwa kishikwambi. Vumilieni.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vililetwa kwa walimu. Leo viko wapi? Vingine vinaangaliziwa mpira, vingine viko kwa mwalimu mkuu, kabati limepigwa kufuli, "visiharibike". Halafu mnaniomba semina ya sehemu za kompyuta! Siitoi. Mwalimu huzoea chombo kwa kukiingiza kwenye mada anayoimudu. Mada moja tu.

Hapa Rungwe, huko juu, yupo mwalimu wa sayansi mwenye watoto themanini na ushei na kishikwambi kimoja. Mada ni moyo. Video aliipakua Jumamosi aliposhuka Tukuyu, kwa bando lake mwenyewe, na hilo wakubwa walisikie. Darasani hakuanza na video. Alitoa pampu na tairi la baiskeli, akajaza upepo, akauliza: mbona haurudi? Kelele! Mpaka mmoja akaigusa vali, kile kilango kinachopitisha upepo upande mmoja tu.

Ndipo akaita kikundi kimoja kimoja mezani, wengine wakichora. Video inafika moyo unapobana, anaisimamisha. "Damu inaelekea wapi sasa?" Haendelei mpaka wajibu. Binti mmoja akasema inarudi ilikotoka. Mwalimu hakumsahihisha, akabonyeza tu. Vali ya moyo ikajifunga mbele ya macho yake, na binti akajicheka mwenyewe. Walimu, somo lilikuwa pale aliposimamisha. Angeiachia mwanzo mwisho, ingekuwa sinema.

Najua, kuna anayenong'ona kwamba kwao hakuna mtandao. Mama, video iliyokwisha kupakuliwa inataka mtandao wa nini? Umeme wa kubahatisha? Chaji unapopatikana, kama unavyochaji simu yako. Hiyo haijawahi kukushinda.

Wenye projekta nao wasijisifu. Kuchapa notsi zilezile watoto wazinakili kutoka ukutani, huo ni ubao uleule, ila huu unakula umeme wa luku.

Haraka haraka: vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vipakueni. Vikao vyenu vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni vitumieni kujaribu somo moja pamoja, si kusomeana waraka. Usalama wa watoto mtandaoni nilikuwa nao hapa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, vishikwambi viwasheni. Vilivyozima, soketi ziko kule nyuma.