Anzisha Klabu ya Saifai Kisumu: Kalenda, Duara na Jarida la Kurasa 16

Hamjambo watazamaji, karibuni Kisumu. Mezani hapa nina kalenda ya ukutani, karatasi nne za A4, penseli, sindano na uzi mwembamba wa kushonea nyavu. Projekta ile kule nyuma tutaifikia, msiikimbilie. Leo tunaanzisha klabu ya saifai, yaani bunilizi za kisayansi: vyombo vya angani, roboti, miji ya miaka mia ijayo. Tunatoka sifuri hadi mkutano wa nne, kwa sababu klabu za namna hii hufia kati ya mkutano wa pili na wa tatu.

Kwanza kalenda. Kabla ya jina, kabla ya nembo, kabla hata ya kundi la WhatsApp. Jumamosi usiiguse, utawafungia nje Wasabato, na huku Nyanza ni wengi. Jumapili asubuhi utawafungia nje waliobaki, wako kanisani. Inabaki Jumapili alasiri. Mimi nashikilia Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane hadi saa kumi na moja. Saa kumi na moja ni mwisho kweli kweli: mvua ya jioni haijashika, giza bado, na mtu wa Mamboleo anapata matatu bila kupigania. Wanaopitia Kibuye waambie watoke nyumbani mapema, Jumapili soko limefurika hadi barabarani.

Sasa chukua kalamu nyekundu, zungushia Jumapili ya pili miezi sita mbele. Zote sita leo leo. Zikishatangazwa hazihami. Wakija watatu, mkutano ni wa watatu. Ukiahirisha mara moja tu kwa ajili ya harusi ya mtu, mwezi unaofuata wataanza kukupigia, "kwani leo tupo?" Wengine hawatapiga, watakaa nyumbani.

Watu wa kuanzia, watano wanatosha. Waulizie kwa mafundi wa simu, kwenye saiba, kwa wauza vitabu vya mitumba, kwa walimu wa fizikia, kwa wanafunzi wa chuo kule Maseno. Bandika kipeperushi chenye swali moja kwa herufi kubwa: ZIWA LIKIKAUKA, KISUMU ITAFANYAJE? Chini yake tarehe, saa na mahali, basi. Swali hilo si la hewani. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na takriban miaka 15,000 iliyopita lilikauka kabisa. Mwaka 2020 lilifanya kinyume, likapanda mpaka likaingia kwenye makazi ya Dunga, hapa Kisumu. Anayesimama mbele ya karatasi hiyo na kuanza kubishana na jirani yake, huyo ndiye mwanachama. Mkaribishe hapo hapo.

Mkutano wa kwanza usionyeshe filamu. Soma kwa sauti. Kurasa nne au tano zinatosha, dakika kama ishirini. Ukitaka Kiswahili chetu wenyewe, ipo riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Ukitaka kutafsiri mwenyewe, chagua mwandishi aliyefariki zamani. Hapa Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. H. G. Wells, mwandishi Mwingereza wa saifai, alifariki 1946, kwa hiyo unaweza kumtafsiri, kumsoma hadharani na kumchapa bila kuomba mtu ruhusa. Wanachama wawili wakitafsiri kurasa mbili mbili kila mwezi, mna kazi ya mwaka mzima.

Viti viwe duara. Si safu, duara. Ukiviacha vimetazama mbele kama darasani, watamngoja mwalimu, na mwalimu utakuwa wewe.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Swali la kwanza baada ya kusoma lisiwe "mmeionaje?" Utajibiwa "nzuri", kisha kimya, kisha simu zinatoka mifukoni. Uliza kitu cha kushikika: "Katika dunia hiyo, ni kifaa gani ungekichukua ukaenda nacho nyumbani, na kingeharibika nini kwanza?" Mshona viatu atajibu. Mwanafunzi wa Fomu Tatu atajibu. Mhandisi atajibu na hatanyamaza, ndiyo maana nina saa ya simu: dakika tatu kwa mtu, ikilia anapokea wa kushoto. Duara likishazunguka mara moja, ingiza maswali matatu ninayoyapenda kuliko yote. Nani analipa gharama? Nani anapoteza? Kikiharibika, fundi ni nani? Hayo matatu yanafungua hadithi yoyote ya kisayansi, na kwa watu wanaoishi kando ya ziwa lililojaa gugu maji yanafungua hata gazeti la jana.

Wanafunzi wa shule wakija, pata ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na watu wazima wawe wawili muda wote. Hilo halina mjadala.

Pesa. Msajilie mwekahazina laini ya simu ya pekee kwa ajili ya klabu, asichanganye na M-Pesa yake ya kununulia unga. Mchango shilingi 100 kwa mwezi. Kila mkutano unaanza kwa katibu kusoma daftari na mwekahazina kusoma salio kwenye simu, kwa sauti, mbele ya wote. Inachukua dakika mbili. Mkifika kumi na kutaka cheti, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo mkiwa na katiba yenu, kumbukumbu za mkutano ulioamua kusajili, na orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na sahihi. Tuendelee.

Filamu ni mkutano wa tatu. Ninayopendekeza kuanzia ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Ni dakika 21 hivi, ya Kenya, inahusu maji, na inawaachia saa mbili nzima za mazungumzo. Lakini jueni: kulipia filamu uitazame nyumbani hakukupi ruhusa ya kuionyesha hadharani. Omba idhini kwa mwenye filamu, na pitia Bodi ya Filamu kuhusu leseni ya maonyesho.

Mpiga kamera, njoo huku kwenye projekta. Darasa la mabati, kama la shule tunapokutana, lina adui wawili. Wa kwanza ni mwanga wa saa nane: ziba madirisha kwa katoni zilizofunguliwa, si kwa leso, leso inapitisha jua. Wa pili ni mvua. Ikipiga mabati, spika ndogo haisikiki hata ukiiweka mapajani, kwa hiyo filamu itangulie na mazungumzo yafuate. Mvua ikija wakati wa mazungumzo, mnasogeza viti.

Stima ikipotea? Hesabu wati kabla hujaazima inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Projekta hii ni 250, laptopu 60, spika 40. Jumla 350. Inveta ya 300 itakata kwenye dakika ya kwanza. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, na inveta nayo inakula yake. Una saa moja na nusu hivi. Kwa filamu fupi inatosha na kubaki.

Na mkionyesha usiku karibu na ziwa, tazameni hapa, matundu haya ya feni. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata mwanga. Wanavutwa na feni, wanajaa kwenye chujio, projekta inapata joto na kujizima. Tundika taa ya balbu mita kumi hivi mbali, upande upepo unakoelekea, iwe ndiyo kivutio chao. Usifunike matundu kwa kitambaa, utaipika.

Haya. Sasa tunafika kwenye kilichonikalisha mezani: jarida. Mashabiki wa kwanza wa saifai walipatana kwa karatasi. Jarida la saifai la Hugo Gernsback, lililoanza Marekani mwaka 1926, lilichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao, wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe. Kufikia 1930 klabu moja ya huko ilikuwa na jarida lake. Klabu yenye jarida ina kitu cha kumaliza kila baada ya miezi mitatu, na aliyeandikwa humo harudi nyuma.

Kurasa 16, saizi ya A5. Ukurasa mmoja unabeba maneno 300 hivi kwa herufi za saizi 11, basi hadithi isizidi maneno 1,000. Acha ukingo wa sentimita moja na nusu pande zote, mashine ya fotokopi haifiki ukingoni.

Kunja karatasi nne katikati, zitie moja ndani ya nyingine. Sasa, kabla ya kitu chochote, penseli. Andika namba 1 hadi 16 kwenye pembe za chini, ukifungua kama msomaji. Kisha zichambue. Sogeza kamera. Karatasi ya nje: kushoto 16, kulia 1. Nyuma yake: kushoto 2, kulia 15. Ya pili: 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa: 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kila upande ukijumlisha unapata 17. Usipopata 17, umekosea. Jumlisha kila upande, narudia, kila upande, kabla hujaenda saiba.

Na saiba mwambie hivi: "Pande mbili, geuza kwa ukingo mfupi." Mfupi. Karatasi imelala, kwa hiyo inageuzwa kama mlango, si kama mfuniko wa sufuria. Mashine nyingi zimewekwa ukingo mrefu tangu asubuhi kwa sababu ya barua za kawaida, na mhudumu hatabadilisha usipomwambia.

Simama hapo. Rudisha kamera. Mnaona? Hii iliyotoka sasa hivi, upande wa mbele uko sawa, nyuma 2 na 15 zimesimama kichwa chini. Ukingo mrefu huo. Ndiyo maana tunatoa nakala moja kwanza, moja tu, tunaikunja, tunaifungua ukurasa kwa ukurasa hadi 16, ndipo tunasema "toa thelathini". Ukingo mfupi, nakala moja, kunja, kagua. Karatasi 120 zilizochapwa kichwa chini hazina kazi nyingine ila kufungia njugu.

Gharama: kama saiba inatoza shilingi 5 kwa upande, pande nane ni shilingi 40 kwa nakala, nakala 30 ni 1,200. Uza kila nakala shilingi 60.

Kushona. Stepla ya kawaida haifiki katikati, na mimi napenda uzi kuliko pini, pini inashika kutu kwa unyevu wa ziwani. Mgongo una sentimita 21. Toboa katikati, kwenye 10.5, kisha sentimita sita juu na sita chini. Uzi wa sentimita 45. Anzia ndani, toka nje kwa tundu la katikati, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka katikati, toka kwa tundu la chini, rudi ndani katikati. Ncha mbili zikae kushoto na kulia ya ule uzi mrefu, ndipo ufunge. Zikiwa upande mmoja, fundo halishiki kitu. Nailoni inateleza, funga mara tatu. Vuta ukifuata mgongo, si kuelekea kwako, utaichana karatasi.

Hivi. Pitisha kucha kwenye mkunjo, iweke chini ya kitabu kizito usiku mmoja.

Geuza sasa tuone ukurasa wa 16, wa nyuma kabisa. Huo hauwekwi hadithi wala picha. Unawekwa tarehe tatu zijazo, Jumapili ya pili, saa nane, na jina la shule tunapokutana. Yule wa kule nyuma, niletee ile kalenda tuzinakili.