Peke Yangu, Lakini Tuko Saba: Kaya za Wahamiaji Hapa Dodoma

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nitaongea Kiswahili cha mtaani tu maana mambo yenyewe ni ya mtaani.

Sensa ya 2012 ilitukuta Dodoma Mjini watu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179. Miaka kumi hiyo. Hapo katikati serikali ikatangaza kuhamia hapa 2016, 2018 tukawa jiji, Mtumba pakaanza kujengwa mji wa serikali, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nacho tangu 2007 kinaleta vijana kila mwaka. Haya mnayajua. Ninachotaka tukiangalie leo ni kwamba watu hawa wengi hawakuja kama familia, walikuja vipande vipande, na sisi tunawaandika kana kwamba kila mlango ni familia iliyokamilika.

Chukua mtumishi. Barua ya uhamisho imemkuta Dar, mke ana biashara yake, mtoto yuko darasa la saba, nyumba ya Mbagala haijapigwa hata plasta. Anakuja mwenyewe, anapanga chumba na sebule Nzuguni, Ijumaa jioni yuko stesheni, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024 ndo kabisa, zamani ilikuwa siku nzima kwenye basi. Muulize unaishi na nani, atakwambia peke yangu. Lakini mshahara wake unalisha watu sita kule. Kwa hiyo kwenye daftari hapa ni kaya ya mtu mmoja, kule mama anaandikwa mkuu wa kaya, na ukweli ni kwamba ni nyumba moja ina milango miwili. Na wako akina mama wengi waliohamishwa wao, mume kabaki na watoto, hao hatuwasemi kabisa.

Sasa twende Chang'ombe ya hapa Dodoma, twende Nkuhungu, huku ndo kuna mambo. Anakuja kijana mmoja anapata kibarua cha ujenzi, akishika shika anamwita mdogo wake, mdogo wake anamleta shemeji, shemeji anakuja na binti wa dada yake anayetafuta chuo, baadaye bibi anakuja kutibiwa hospitali ya General anakaa miezi. Chumba kimoja pazia katikati. Kodi analipa huyu, unga analeta yule, luku wanachangishana, anayepika ni binti. Mkuu wa kaya ni nani hapo? Nimeuliza swali hilo kwenye nyumba nyingi na jibu karibu kila mara ni watu kutazamana, halafu wanamtaja mwenye umri mkubwa hata kama hana senti. Na hili lina gharama jamani. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipangwa kwa kaya ya watu 6, mkuu wa kaya, mwenza wake na wategemezi wanne walio chini ya miaka 18. Hebu waingize hawa niliowataja. Shemeji haingii, binti wa miaka 20 haingii, bibi haingii. Wanaishi pamoja, wanakula sufuria moja, mmoja akiumwa wote wanachanga, lakini karatasi haiwatambui kama watu wa nyumba moja.

Wenyeji wetu nao wamo humu. Kijana wa Bahi au Chamwino mvua zikiisha na mtama ukishavunwa anaingia mjini, anabeba mizigo sokoni, anaendesha boda ya mtu, Desemba mvua ikianza anarudi shamba kwao. Mke na watoto hawajatoka kijijini hata siku moja. Yeye mwenyewe hajioni amehama, na ukipita Julai utamhesabu, ukipita Januari humuoni.

Halafu sogea tukae, kuishi pamoja bila ndoa. Naomba tusicheke, hili nalisema kwa uzito. Vijana wawili wametoka mikoa tofauti, kodi ya kila mmoja peke yake inauma, wanaunganisha vyumba, mwaka wa pili kuna mtoto, wazazi wa pande zote hawana habari. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema watu wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wakawajua kama mke na mume, mahakama inaweza kuwadhania kuwa wameoana. Kuwadhania tu, mwenzako ana haki ya kulipinga kwa ushahidi. Sasa mahali ambapo majirani wenyewe wanahama kila baada ya miezi sita, nani atakuja kusema niliwajua kama mke na mume? Kijijini shahidi ni ukoo mzima, hapa shahidi ni mwenye nyumba na yeye anaishi Dar. Mabinti mlioko hapa, risiti za kodi, kadi ya kliniki yenye jina la baba, tunzeni.

Na wadada wa kazi. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, mama mwenye nyumba anasema tuko watano, unahesabu vitanda unakuta sita. Wengine ni watoto kabisa, na sheria ya ajira ya 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenyekiti wa mtaa asipojua huyo binti katoka kijiji gani na kwao anaongea na nani, siku likitokea la kutokea hatuna pa kuanzia.

Kwa hiyo wenyeviti na watendaji mliokuja, ombi langu ni dogo tu. Kwenye daftari la wakazi ongezeni maswali mawili: hela yako inaenda kwa nani, na ukiumwa usiku huu tumpigie nani. Hayahitaji bajeti, na kwa mpangaji mgeni yatawaambia mengi kuliko kuuliza mko wangapi humu ndani. Mtaa ambao umeshajaribu kitu kama hicho ningependa kuusikia sasa hivi, maiki iko kwa yule kaka wa mbele.