Tuhesabu Meko Kabla Mto Haujafika

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya kamati za vijiji vya kando ya mto Sabaki

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliotoka Garashi alfajiri ili muwahi hapa, hamjambo? Nimepewa saa moja, nami sitaimaliza, maana nataka tubakishe muda wa kazi.

Naanza na jambo ambalo kila mtu wa Malindi amelishuhudia. Kuna asubuhi unashuka ufukweni ukaikuta bahari imegeuka nyekundu kama maji ya kufinyangia udongo. Mjini hakujanyesha hata tone. Nguo zimeanikwa, jua linawaka, na bahari ni nyekundu. Watoto huuliza, nasi huwajibu kwa mkato: mto umeleta tope. Ni kweli, lakini tope hilo ni barua, na barua hiyo imetoka mbali.

Mto wetu ni mmoja wenye majina matatu. Huko juu unaitwa Athi, na maji ya Nairobi na ya sehemu za Kiambu huingia humo. Ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana. Ukifika kwetu ni Sabaki. Mvua inayonyesha Nairobi usiku huu haifiki Garashi kesho asubuhi, huchukua siku kadhaa. Hata ndugu zetu wa mto Tana hali yao ni hiyo hiyo: bwawa la Masinga likijaa likaanza kumwaga, maji yana safari ndefu ya kupita Garissa na Hola mpaka Garsen, kisha yatoke baharini Kipini. Kwa hivyo mafuriko yetu mara nyingi huja na jua. Ndiyo maana watu hawaamini. Mzee anakwambia, mbona mbingu nyeupe? Na siku ambazo Mungu ametupa kati ya mvua ya bara na maji ya kwetu tunazimaliza kwa kubishana.

Mimi nimekuja kuzungumzia siku hizo. Unga, maturubai na helikopta vina watu wake.

Mwaka 2018, mvua za masika zilipoua zaidi ya watu 180 nchini na Sabaki ukavunja kingo zake, nilikuwa mshika daftari katika shule moja upande wa Magarini. Shule ilikuwa imegeuzwa kambi. Watu walifika usiku, wengine kwa miguu na maji kifuani, mtoto begani na kuku mkononi. Siku ya pili nikawa na orodha tatu mezani. Moja ya chifu, moja imeletwa na wahisani, na moja nimeiandika mwenyewe kwa tochi. Hazikukubaliana hata kidogo. Jina moja lilionekana mara tatu, na kuna nyumba nzima ambazo hazikuwa popote.

Siku ya tatu likaja lori la unga na maharagwe. Waliolileta walikuwa na orodha ya wenye nyumba, nao wenye nyumba ni wanaume. Tukaita majina, watu wakapanga foleni. Akafika mama mmoja na watoto watano. Tukatafuta jina la mumewe tukaliona limeshatiwa alama: fungu lilikuwa limechukuliwa, limekwenda kwa mke mkubwa, ambaye naye alikuwa na watoto wake saba na haki yake kamili. Yule mama hakugomba. Aliwakusanya wanawe, akaenda akaketi chini ya mwarobaini, akatutazama tukigawa mpaka lori likawa tupu. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Mpaka leo nikiona mwarobaini ule napunguza mwendo.

Tangu siku ile nasema kila ninapoitwa: msihesabu waume, msihesabu mapaa, hesabuni meko. Jiko ni wale wanaokula chungu kimoja. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na chungu chake, hayo ni meko mawili. Bibi anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao wako Mombasa, hilo ni jiko. Vibarua sita waliokuja kulima mashamba ya kando ya mto, wanalala kibanda kimoja na kupika pamoja, nao ni jiko, na hao ndio husahaulika zaidi kwa sababu mzee wa kijiji hawajui majina.

Katika kila jiko andikeni jina la anayepika. Ndiye anayejua idadi ya midomo. Andikeni watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wanaonyonyesha, na asiyeweza kutembea, kwa sababu huyo atahitaji kubebwa na lazima ijulikane kabla ni nani atakayembeba. Wako pia wanaokunywa dawa kila siku. Tuliwaona 2018 wametoka na roho zao tu, dawa zimebaki nyumbani zimelowa. Hao wekeeni alama ndogo pembeni. Msiandike ugonjwa. Daftari hili litapita mikononi mwa wengi, na ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Kisha nakilini mara tatu. Nakala moja kwa chifu au naibu wake, moja kwa mwalimu mkuu wa shule mtakayokimbilia, na moja kwa mama mnayemwamini, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kijana ameniuliza pale mlangoni kama haifai kuiweka kwenye simu. Iweke, lakini isiwe kwenye simu pekee. Umeme hukatika siku ya kwanza, na siku ya pili simu zote kambini ni mawe.

Niseme kidogo juu ya nani mkubwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maafa mikononi mwa serikali ya taifa na pia ya kaunti. Hilo lina maana yake, lakini mashinani nimeona likizaa kungojana: wa kaunti anamtazama wa taifa, wa taifa anamtazama wa kaunti, na wote wawili wanatazama Msalaba Mwekundu. Hatuwezi kulimaliza hilo hapa leo. Tunachoweza ni hiki: kila kambi iwe na meza moja. Kila anayeleta kitu, awe mbunge, msikiti, kanisa, mfanyabiashara au shirika, afike kwanza mezani pale, aseme ameleta nini, kiasi gani, na kesho analeta nini. Jioni watu wa meza wakae kwa nusu saa. Si mkutano wa hotuba. Maswali ni matatu: nani hajala, nani mgonjwa, nini kinakuja kesho. Mkuu wa meza awe mtu anayeweza kumwambia mgeni mwenye gari kubwa, "Samahani bwana, leo hatuhitaji blanketi." Hilo neno ni gumu. Nimeshuhudia kambi iliyokuwa na rundo la makoti mazito, hapa pwani na joto letu, na haikuwa na jerikeni hata moja la kutekea maji. Aliyetoa makoti alitoa kwa moyo safi. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Na maji sasa. Hapa nitakaa, maana watu wanaoponyoka mto huweza kuuawa na kikombe.

Wafanyakazi wa misaada duniani wana viwango walivyokubaliana, vinaitwa Sphere. Vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kambi ya watu 600 ni lita 9,000 kila siku, karibu lori zima la maji la lita 10,000. Bomba moja lisitegemewe na zaidi ya watu 250, kwa hivyo mabomba matatu. Vyoo, mwanzoni kimoja kwa watu 50, yaani 12, halafu mjitahidi mfike kimoja kwa watu 20, yaani 30. Sasa niambieni, shule mliyoichagua ina vyoo vingapi? Nimewaona mnatazamana. Ndiyo sababu shimo huchimbwa wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Mvua ikishanyesha, shimo hujaa maji kabla halijafika kiunoni.

Vyoo vya wanawake viwe upande wao, viwe na mlango unaofungika kwa ndani, na taa njiani. Nasema hili mbele ya wazee bila haya. Msichana asiyethubutu kwenda chooni usiku hanywi maji jioni, na asiyekunywa maji huugua.

Vidonge vya kusafishia maji ni vizuri, lakini maji ya Sabaki ni tope, na dawa hufanya kazi kwa shida ndani ya tope. Kwanza yaacheni yatulie chomboni, kisha myachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo mtie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na mngoje muda ulioandikwa. Watu huruka hatua mbili za kwanza. Mwaka 2024, mafuriko ya Aprili na Mei yalipowakumba wenzetu wa Tana River, kipindupindu kilifuata nyuma yake. Msidhani nyinyi wa mjini mmesalimika kwa kuwa mto uko mbali na nyumba zenu. Maji ya mabomba ya Malindi, Watamu, Kilifi, na sehemu ya yale ya Mombasa, yanatoka Baricho, kandokando ya mto huo huo. Pampu za Baricho zikisimama kwa mafuriko, mjini nako ni kiu.

Kuna jambo dogo lililotufunza adabu. Mwaka ule wa 2018 Ramadhani ilituandamia kambini, katikati ya Mei. Ratiba ya ugawaji ilikuwa imepangwa saa saba mchana, jua la utosi, na nusu ya foleni ni wanawake waliofunga. Siku ya kwanza wawili walianguka. Aliyepanga ratiba hakuwa na nia mbaya, hakuuliza tu. Tukaihamisha ikawa saa moja asubuhi, na akina mama Wakristo waliokuwa kambini wakajitolea kukoleza moto jioni ili wenzao wapumzike kabla ya kufuturu. Hakuna shirika lililoamrisha hilo. Mama mmoja kutoka Garashi alilisema, likawa.

Mashua. Vijana wa pwani tuna ujasiri, na nahodha wa baharini akiitwa kuokoa watu mtoni huenda mara moja. Lakini mto uliofurika si bahari. Unakuja na magogo, na nyua za watu zilizozama zikiwa na nyaya na senyenge zinazonasa pangaboi. Mna mamba, na kuelekea mlangoni mwa bahari mna viboko. Nahodha lazima apande na mwenyeji anayejua pa kupita. Na idadi iheshimiwe. Aprili 2024 mashua iliyobeba watu ilipinduka upande wa Madogo, Tana River, na watu wakafa maji. Mtu anayelia ng'ambo anakuvunja moyo, najua, ila mashua iliyozama haimfikii. Mafuta ya mashua pia yapangwe: mkaeni na mwenye kituo cha petroli mapema mkubaliane kuhusu deni, msingoje siku hiyo.

Barabara vilevile. Wenzetu wa Lamu wanajua, maji yakikata barabara pale Gamba na Lango la Simba kama yalivyofanya 2024, basi hakuna gari la kwenda Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu. Kijiji kinachojua barabara yake itakatika wapi huweka unga ng'ambo ya pili kabla haijakatika.

Sasa mifugo. Watu wengi wanaokataa kuhama si wakaidi. Wanalinda mbuzi wanane ambao ndio karo ya mtoto. Mkipanga mahali pa watu bila mahali pa mbuzi, mmepanga nusu. Tafuteni kilima, tengeni boma mbali na mahali pa kuteka maji, na vijana wawapeleke wanyama kwanza, mchana. Na mafuriko yakipungua, mkiona ng'ombe na mbuzi wanaharibu mimba kwa wingi, msichinje, msishike kwa mikono mitupu, mwiteni daktari wa mifugo upesi. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ilitufikia kwa njia hiyo baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006.

Kuna ndugu kaniandikia swali: fedha kwa simu au chakula? Soko likiwa linafanya kazi na maduka yana bidhaa, fedha ni bora, mama anajua pengo la jiko lake kuliko mimi. Soko likiwa chini ya maji, fedha haipikiki. Lakini angalieni, hata hiyo fedha inatumwa kwa namba iliyo kwenye orodha. Namba ikiwa ya mume aliye mbali, tumerudi kule kule chini ya mwarobaini.

Nimemaliza ya kusema. Pale mezani kuna madaftari kumi na mawili, moja kwa kila kijiji, yameshapigwa mistari: anayepika, midomo, watoto wadogo, wa kubebwa, alama ya dawa, namba ya simu. Kalamu zipo. Hatutaondoka na karatasi nyeupe. Kila kamati iandike leo meko ishirini inayoyajua kwa moyo, yaliyobaki mkayaandike nyumbani nyumba kwa nyumba. Wa Garashi wana safari ndefu, waanze wao.