Jinsi ya kupima ufuasi wa mlo wa asili kwa watu wazima wa Kigoma

Ndugu watazamaji, karibuni. Katika video hii tutaandaa hojaji fupi ya kupima ni kwa kiasi gani mtu mzima wa hapa Kigoma anafuata mlo wetu wa asili: ugali, samaki wa ziwani, maharage, mboga za majani na matunda. Mfano tunaoufuata ni hojaji ya maswali 14 iliyotumika Hispania katika utafiti wa PREDIMED kupima ufuasi wa mlo wa Mediterania, ambapo kila jibu linalotimiza kiwango hupewa alama 1.

Hatua ya kwanza ni kuchagua maswali, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Chukueni muundo wa hojaji ile, lakini msichukue kila swali. Inatoa alama kwa mafuta ya zeituni na kwa divai. Tukiyabakiza maswali hayo, mama wa Ujiji atakosa alama kwa sababu ya mahali anapoishi, wala si kwa sababu ya anachokula. Wengi hushawishika kuandika mawese badala ya zeituni. Nawasihi msifanye hivyo. Mawese mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo tunashauriwa kuyapunguza, tofauti kabisa na zeituni. Kwa hiyo ulizeni vijiko vingapi vya mafuta huingia katika chungu kimoja, na wanaokula ni wangapi. Maswali ya samaki na ya maharage, angalau mara 3 kwa wiki kila moja, yanafaa kubaki kama yalivyo. Kwa mboga na matunda, tumieni gramu 400 kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Hatua ya pili ni vipimo. Pikeni matembele kama yanavyopikwa nyumbani, jazeni upawa mmoja, pimeni kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu zake. Nendeni na upawa huohuo kila nyumba, kwa kuwa neno "kidogo" halipimiki.

Hatua ya tatu ni mahojiano. Ukiuliza, "Je, unakula samaki mara kwa mara?", karibu kila mtu atakubali. Msalimie kwanza, kisha uliza hivi: "Mama, katika siku 7 zilizopita, ni siku zipi mlipika samaki au dagaa?" Akishajibu, ongeza: "Na wewe mwenyewe ulipata kipande, au mchuzi tu?" Swali hili la pili lisiachwe kamwe, kwa sababu watu wanapokula sinia moja, mpishi anaweza kuwagawia wengine minofu yote, na hojaji ikamwandikia alama ambayo hakuila.

Zingatieni pia mwezi angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika. Hivyo nyumba ileile inaweza kupata alama mbili tofauti ndani ya wiki mbili. Gawanyeni mahojiano katika mwezi mzima, na andikeni tarehe ya kila moja. Msipime samaki katika kipindi ambacho ziwa limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa kati ya Mei na Agosti 2024, kisha mkatangaza kwamba huo ndio ulaji wa mwaka mzima.

Kujumlisha alama ni kazi nyepesi. Ila msiazime mipaka ya Hispania, ambako alama 10 na kuendelea huhesabiwa kuwa ufuasi mzuri, kwa kuwa idadi ya maswali yenu si 14 tena. Wagaweni wahojiwa katika mafungu matatu, la chini, la kati na la juu, mkieleza wazi kwamba fungu la juu linamlinganisha mtu na wenzake tu, wala halithibitishi kwamba mlo wake unatosha.

Mwisho, rudieni hojaji kwa baadhi ya watu walewale baada ya takriban siku 29, mwezi ukiwa katika hali ileile, ili mjue kama majibu yao yanalingana.