Maji Tunayoyaachia Hewani: Mhadhara Kuhusu Kuvuna Maji ya Kunywa Wakati wa Kukausha Matunda, Mboga na Mimea

Nawashukuru wote kwa kufika. Nitaanza na hesabu, kwa sababu mada hii bila hesabu inageuka haraka kuwa ndoto.

Chukueni kilo 100 za nyanya mbivu. Karibu kilo 94 kati ya hizo ni maji. Ngozi, nyama, mbegu, sukari na chumvichumvi, vyote kwa pamoja ni kilo 6 tu. Mkizikausha mpaka zibakiwe na unyevu wa asilimia 10, mtapima kitu kisichofika kilo 7. Zile 93 nyingine zimepaa. Ni lita 93 za maji, zimepita mlangoni mwa kaushio na hakuna aliyeziuliza zinakwenda wapi. Embe lina maji asilimia 83 hivi. Likikaushwa mpaka asilimia 15, kila kilo 100 zinaachia lita 80. Tango na tikiti vimevuka asilimia 90, karoti iko karibu na 88, ndizi mbivu 75.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ukaushaji unastawi pale penye jua kali na hewa kavu, na hapo ndipo mara nyingi maji yanapokosekana. Watu wanabeba ndoo kutoka mbali ili waoshe matunda na masinia, kisha wanayaweka matunda hayohayo kwenye kaushio na kuyaachia maji yake yaende zake.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi tulime matikiti ili tuyakamue mvuke. Kuotesha tunda kunakula maji mara nyingi zaidi ya yale yaliyomo ndani yake, na mtu mwenye kiu aliyeshika tikiti afanye jambo moja tu: ale tikiti. Maji yatafika mwilini bila mtambo wowote. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo tunda linakaushwa hata hivyo, joto limeshalipiwa na mvuke umeshatoka, kuuacha mvuke ule upotee ni hasara isiyo ya lazima. Mada yote imesimama juu ya hilo.

Tuone gharama ya joto lenyewe. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni kazi, lakini kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji nishati mara saba ya hiyo. Shuleni tuliita joto fiche, kwa sababu kipimajoto hakilioni: unaendelea kuunguza kuni na nyuzi haziongezeki. Kwenye joto la kaushio, kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula takriban theluthi mbili za uniti ya umeme. Kwa jua ni vivyo hivyo. Siku angavu, mita moja ya mraba inapokea uniti 5 au 6 kwa siku nzima. Ukigawanya, jua lote likitumika bila hata chembe kupotea, utapata lita 8 au 9. Vifaa halisi vinapata nusu ya hapo, na vingi chini ya nusu. Mwaka 1872, huko Las Salinas nchini Chile, Charles Wilson alijenga mtambo wa vioo wa kusafisha maji ya chumvi kwa jua, wenye zaidi ya mita za mraba 4,000. Ulitoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku, yaani kama lita 5 kwa kila mita ya mraba, na huo ulikuwa mtambo mzuri sana. Kwa hiyo mtu akija kuwauzia sanduku la ukubwa wa meza akiahidi lita 50 kwa siku kwa jua tupu, mrudisheni alikotoka.

Tufike kwenye kiini cha tatizo, ambacho wengi wanaojaribu jambo hili hawakitambui mpaka wamekata tamaa. Kukausha na kuvuna maji ni mambo mawili yanayovutana. Tunda linataka hewa kavu ili likauke upesi. Kuvuna kunataka hewa iliyolowa ili ikipozwa idondoshe. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 60, ikishiba kabisa, inabeba kama gramu 130 za mvuke. Kwenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 tu. Kwa hiyo ukiipoza ile ya kwanza, gramu 100 zinaanguka, na hapo mtu anashangilia. Lakini hewa inayotoka kwenye kaushio la kawaida haijashiba. Mara nyingi imefika asilimia 30 ya uwezo wake, sawa na gramu 39 hivi. Ipoze hiyo mpaka nyuzi 30, utaona gramu 10 hivi zimeshuka, na zilizobaki zote zimeondoka na upepo. Mtu ameweka bati la kupozea, ameweka chupa chini, jioni anakuta kikombe. Anasema nadharia ni uongo. Nadharia haina kosa; ni hewa iliyopita haraka mno ikiwa na njaa bado.

Basi mbona tusiifunge ishibe? Kwa sababu tunda likikaa kwenye hewa ya moto iliyolowa linachacha au linaota ukungu, na hapo umepoteza vyote viwili. Dawa ni kuifunga njia ya hewa iwe mzunguko. Hewa inatoka kwenye matunda, inapita kwenye ubao wa baridi, inaacha sehemu ya maji yake, inapashwa tena, inarudi kwenye matunda. Mvuke ambao haukudondoka mzunguko wa kwanza unarudi kujaribiwa mzunguko wa pili. Haupotei.

Niwaonyeshe ubao huo kwa karibu, maana kazi nzima inafaulu au kufeli hapo. Ni kipande cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, upande wa nyuma unapozwa na hewa ya nje au maji, na umelazwa kwa mteremko. Mwanzoni unaona weupe tu, kama mtu amepumulia kioo. Kisha weupe unajikusanya kuwa vipunje, vipunje vinaungana, na tone likishanenepa linateleza, likikusanya wenzake njiani na kuacha nyuma yake mstari safi ambao unaanza upya kufunikwa. Mteremko ukiwa mdogo mno, tone halitelezi. Linaning'inia na kudondokea tundani. Chini ya ubao kuna mfereji mwembamba unaopeleka maji kwenye chombo chenye kifuniko. Mavuno mengi yanapatikana saa za mwanzo, wakati maji ya juujuu ya tunda bado yapo huru. Baadaye maji yanalazimika kujipenyeza kutoka ndani ya nyama, mvuke unapungua, na ubao unakauka. Wakati huo acheni kuhangaika na maji, mmalizie tunda.

Palipo na umeme kuna pampu ya joto, kifaa cha ukoo mmoja na friji. Upande wake wa baridi unanasa maji, upande wake wa moto unapasha hewa inayorudi. Uzuri wake ni kwamba mvuke unapogeuka maji unaliachia lile joto fiche, na pampu inalirudisha kazini badala ya kulitupa nje. Kupasha kwa umeme wa moja kwa moja hakuwezi kutoa zaidi ya lita moja na nusu kwa uniti, hata ufanye nini. Pampu ya joto iliyotengenezwa vizuri inaweza kutoa lita 2 na zaidi.

Wazo hilo la kulitumia joto lilelile mara mbili lina umri mkubwa. Norbert Rillieux, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806, mama yake akiwa na asili ya Afrika, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1843 ya mtambo wa kukolezea maji ya miwa. Kabla yake watumwa walihamisha maji ya miwa kwa kata, kutoka sufuria moja ya moto hadi nyingine, wakiungua. Yeye aliutumia mvuke wa sufuria ya kwanza kuchemsha ya pili, na wa pili kuchemsha ya tatu, kila sufuria ikiwa na mgandamizo mdogo kuliko iliyotangulia ili ichemke kwa joto la chini. Viwanda vya sukari, vya maziwa na vya juisi nzito vinatumia kanuni hiyo mpaka leo, na maji yanayotoka humo ni mengi kweli. Nchini Australia kuna kampuni, AquaBotanical, iliyoyachukua maji ya namna hii kutoka viwanda vya juisi, ikayasafisha na kuyauza ya kunywa. Kwa hiyo kama kati yenu kuna mwenye kiwanda cha juisi, mazungumzo yetu yanamhusu yeye kabla ya mwenye kaushio la jua.

Sasa usalama. Hapa mezani nina glasi mbili. Moja ni maji yaliyotoka kwenye karoti, nyingine kwenye vitunguu. Zipitisheni. Kwa macho hamtazitofautisha, zote ni angavu. Nuseni. Mmeona? Mvuke hausafiri peke yake. Chochote kinachopaa kwa urahisi kinapaa pamoja na maji: harufu za salfa za kitunguu, kileo cha tunda lililoanza kuchacha, hata methanoli kidogo, kileo chenye sumu, inayotokana na pektini ya matunda, yaani kile kinachogandisha jamu. Chumvi, vumbi na vijidudu vingi vinabaki nyuma, ndiyo, lakini neno "maji yaliyokenekwa", yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, lisiwalevye.

Hatari kubwa kuliko zote ni sianidi. Sianidi ya haidrojeni inachemka kwenye nyuzi 26 tu, na inayeyuka kabisa majini. Muhogo mchungu ukikatwa na kukaushwa wazi, sumu hiyo inaondoka na hewa, na huo ni uokovu. Ukiukausha kwenye mzunguko uliofungwa, unaikusanya sumu ndani ya chupa ya maji. Majani ya muhogo, machipukizi ya mtama, kokwa za persiki na aprikoti, vyote ni hivyohivyo. Kanuni yangu ni kali na siilegezi: mmea usiolika ukiwa mbichi, maji yake msiyanywe. Tunda lililofukizwa salfa ili lisibadilike rangi, msivune maji yake. Tunda lililopuliziwa dawa na halijaoshwa, vilevile.

Kanuni hiyo inafika hata porini. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani, Ray Jackson na Cornelius van Bavel, waliandika jinsi ya kupata maji jangwani: chimba shimo lenye upana wa kama mita moja, weka ndani vipande vya mimea, tandika plastiki juu na jiwe katikati, maji yadondokee kwenye chombo. Inafanya kazi, ila anayechimba wakati wa jua anaweza kutokwa na jasho jingi kuliko maji atakayoyapata. Kufunga mfuko angavu kwenye tawi lenye majani mengi hakuchoshi kama kuchimba. Tawi la mti usioujua, liacheni.

Maji yakishapatikana, yanataka matunzo. Hayana madini na yana uchachu kidogo, kwa hiyo yanakula metali: msitumie mabati wala bomba lililounganishwa kwa risasi. Yapitisheni kwenye mkaa maalumu wa kuchujia ili harufu ziondoke, kisha ndipo mtie klorini; mkigeuza mpangilio, mkaa utaila klorini yote. Baada ya nusu saa klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Nyuzi 60 za kaushio si kinga, mfereji wenye unyevu ni makazi mazuri ya vijidudu.

Nimeulizwa kwenye karatasi hapa kama kunywa maji yasiyo na madini kunadhuru. Mtu anayekula vizuri anapata madini yake kwenye chakula, na mkichanganya na maji ya kisima ladha nayo inakuwa bora. Swali la pili: kikundi chenye kaushio moja kianzie wapi? Kianzie na ubao wa kioo, mfereji na chombo, bila kununua pampu. Pimeni kila siku kwa wiki mbili: kilo za tunda lililoingia, kilo zilizotoka, lita zilizoingia chomboni. Tofauti ya kilo inawaambia maji yaliyopatikana kuvunwa, na lita zinawaambia mliyoyanasa. Mkinasa chini ya robo, shida iko kwenye mwendo wa hewa au baridi ya ubao, rekebisheni hapo kwanza. Maji ya wiki hizo mbili tumieni kuosha masinia na sakafu, na sampuli ipelekeni maabara kabla mtu yeyote hajayanywa.