Ruzuku ya Maabara Isiishie Kwenye Mashine

Mabibi na mabwana, wazee wetu, wahudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu, na nyinyi wanafunzi mlioketi huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku ya serikali kwa maabara za afya ya umma. Nianze na swali ambalo mhasibu yeyote wa kaunti ana haki ya kuliuliza: kwa nini maabara isijitegemee? Sheria ya mwaka 2023 ya kugharamia uboreshaji wa vituo vya afya inaziruhusu hospitali kubaki na pesa zinazokusanya. Mgonjwa akilipia kipimo cha damu leo, pesa hiyo inanunua vitendanishi vya kesho, yaani kemikali za kupimia. Ni sheria nzuri, na ninaiunga mkono.

Lakini vipo vipimo ambavyo hakuna anayevilipia dirishani. Afisa wa afya akichota maji ya kisima kule Obunga ayapeleke kupimwa, risiti aandikiwe nani? Au chukueni mtoto anayeharisha pale Dunga. Awe na kipindupindu au asiwe nacho, cha kwanza ni kumrudishia maji mwilini, kwa kinywa au kwa dripu. Jibu la maabara halimngoji yeye. Linangojewa na majirani: kisima kifungwe? Klorini ipelekwe mtaa gani? Anayefaidika na kipimo hicho hajaugua bado, wala hajui kwamba kimefanywa. Huwezi kumtoza. Ndiyo sababu kazi hii ni ya mfuko wa umma, na katika ukanda huu wa ziwa si jambo la kufikirika: mwaka 2025 kipindupindu kilithibitishwa Kisumu, Migori na Nairobi.

Niwapeleke ndani kidogo mwone pesa inakokwenda. Kijiti cha pamba chenye choo cha mgonjwa hutiwa ndani ya kichupa chenye dawa ya kuhifadhi vimelea, kikapanda bodaboda. Kikifika maabarani, choo hicho hupakwa kwenye sahani yenye chakula cha vimelea, chakula cha rangi ya kijani, kisha sahani inalazwa kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake, kama kipindupindu kimo, utaona madoa ya manjano yamemea juu ya ule ukijani. Hapo bado kuna kipimo cha kuthibitisha, na kingine cha kujua ni dawa gani bado inakiua kimelea.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Chakula hicho kikiwa kimeharibika, sahani hubaki tupu. Na sahani tupu ya chakula kibovu haina tofauti na sahani ya mtu asiye na ugonjwa. Kwa hiyo kila kundi jipya la sahani hujaribiwa kwanza kwa kimelea kinachojulikana. Jaribio hilo lina gharama, halina mgonjwa, na bajeti ikibana ndilo la kwanza kukatwa. Maabara iliyolikata jaribio hilo inaendelea kutoa majibu, na hakuna anayejua kwamba majibu hayo hayana msingi. Hilo linanitia hofu kuliko maabara iliyofungwa.

Ruzuku zetu zinapenda mashine. Mashine ina utepe wa kukata na picha ya kupiga. Lakini mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, inataka umeme usiokatika, inataka kukaguliwa na fundi, na katriji zake, vile vikasha vinavyotiwa sampuli, hazifai kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 28. Joto la Kisumu mnalijua. Kuleta mashine bila hayo ni kumpa mvuvi mtumbwi ukamnyima kasia.

Jambo la wafadhili sitalikalia sana. Tangu 2003 mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI umejenga sehemu kubwa ya uwezo wa maabara za magharibi mwa Kenya, na tunashukuru kwa dhati. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi tulivyoegemea ukuta wa mwenzetu. Katika Azimio la Abuja la 2001 serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo ni yetu wenyewe.

Njia ya kisheria ipo. Ibara ya 202 ya Katiba inairuhusu serikali ya kitaifa kuzipa kaunti pesa za ziada, kwa masharti au bila masharti. Mimi nataka masharti, ila yawe ya maana: sehemu ya ruzuku itengwe kwa vitendanishi, kwa matengenezo, kwa usafiri wa sampuli na kwa ukaguzi wa ubora, na isihamishwe.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na bajeti inapaswa kupitishwa kabla ya Juni 30. Mkiitwa kutoa maoni, msiulize tu kama maabara imetengewa pesa. Ulizeni nani analipia mafuta ya pikipiki inayobeba sampuli kutoka Seme hadi mjini, mkataba wa fundi unaisha lini, na vitendanishi vilivyopo vitatosha hadi mwezi gani. Mwakilishi wadi wenu awajibu kwa tarehe na kwa shilingi.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.